Macho ya Manjano Kando ya Ziwa

Mtu atokaye Bondo akashuka hata Usenge, katika nchi ya Yimbo kando ya Ziwa Viktoria, pale mashua zinapoondoka kwenda kisiwa cha Mageta, huona mara moja jinsi shughuli zote za maisha zinavyoyaelekea maji yale yale: wanawake wanaanika omena, wavuvi waliokesha wanaoga, nguo zinafuliwa, pikipiki zinaoshwa, na watoto wanateka kwa mitungi maji ya kunywa nyumbani. Wasio na choo nao, ambao katika fuo za wavuvi si haba, hujisitiri vichakani karibu na maji, wala si kwa upungufu wa haya, bali kwa kuwa penye mchanga na maji ya karibu chini ya ardhi, shimo la choo hubomoka au hujaa upesi. Mwezi wa Mei 2020, ziwa lilipopanda likakivuka hata kile kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, vyoo vingi vya upande wa Kenya viliingiwa na maji, na vilivyokuwamo ndani vikaenda pale pale panapotekwa.

Kirusi cha homa ya ini cha aina A hakidai zaidi ya hayo. Hutoka na choo cha mtoto mmoja, kikapitia maji, mikono au kikombe, kikaingia kinywani mwa mwingine, na baada ya siku 15 hata 50, aghalabu karibu na 28, ndipo ini linapovimba. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa hukitoa kwa wingi zaidi katika wiki moja au mbili kabla macho yake hayajageuka rangi; kwa hiyo mama anapoanza kumtenga na ndugu zake, ndugu hao wamekwisha kula naye sinia moja. Na wengi hawageuki rangi kabisa. Mtoto aliye chini ya miaka 6 kwa kawaida hupata homa kidogo, kichefuchefu na ulegevu wa siku chache, mambo ambayo kando ya ziwa hili huitwa malaria hata kabla ya kupimwa, kisha akapona, na kinga aliyoipata ikadumu naye umri wote.

Hapo ndipo linapozuka jambo linalowatatiza watu wenye nia njema. Nchi ambayo maji yake ni machafu kila mahali haipati mlipuko mkubwa wa aina A, kwa sababu karibu wote walikwisha kuipata utotoni bila ya kujua. Lakini maji yakitengenezwa nusunusu, bomba likafika sokoni lisifike vijijini, mtoto huepukana na kirusi hata akawa kijana wa sekondari, kisha akakutana nacho katika umri ambao ugonjwa huwa mkali na manjano huwa dhahiri. Wako watakaolishika neno hili wakasema basi heri ziwa liachwe kama lilivyo. Mimi naliona kuwa ni hoja ya kuileta chanjo ya aina A, ambayo ipo na imethibiti, ifuatane na mabomba. Kwani maji hayo hayo hubeba kipindupindu na homa ya matumbo, na kinga inayonunuliwa kwa thamani hiyo ni ghali mno.

Fauka ya hayo iko aina E, inayosafiri kwa njia ile ile lakini haina huruma ile ile. Wilayani Kitgum, kaskazini ya Uganda, ambako watu waliofukuzwa na vita walikuwa wamesongamana makambini, ilizuka mwishoni mwa mwaka 2007, na kufikia mwaka 2009 ilikuwa imewashika zaidi ya watu 10,000 na kuwaua 160, wajawazito na watoto wadogo wakiwa ndio walioumizwa zaidi. Kitgum si mbali na ziwa hili kama mtazama ramani anavyodhani.

Mintarafu ya manjano yenyewe, si kila jicho lililogeuka rangi limegeuzwa na kirusi, na katika Nyanza hadhari hiyo ina uzito kuliko mahali pengi. Malaria kali huvunja chembe za damu, na manjano hufuata. Ugonjwa wa selimundu, ambao umo katika jamaa nyingi za nchi hii, hufanya vivyo hivyo tangu mtoto angali mdogo. Hata chakula chaweza kuwa ndicho mshtakiwa: mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa, maini yao yakiwa yameharibiwa na sumu ya kuvu iliyoota katika mahindi yao wenyewe. Kwa hiyo tabibu mwenye busara huuliza kuhusu mkojo, kama umekuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na kuhusu choo, kama kimepauka, kisha akapima damu kwanza kwa malaria, kwa maana hiyo ndiyo inayoua kwa haraka na ndiyo yenye dawa.

Aina A haina dawa ya kuifukuza. Mtoto hupumzishwa, hunyweshwa maji yaliyochemshwa, huachiwa ale akitakacho, na anyonyaye huendelea kunyonya. Ile desturi ya kumnyima mayai na mafuta kwa majuma humdhoofisha bure. Siwadharau wenye kutibu kwa yadh nyaluo, yaani mitishamba ya Kijaluo, maana wazee wetu hawakuwa wajinga, ila kikombe cha majani yasiyojulikana kipimo chake, akipewa mtoto ambaye ini lake limekwisha kuelemewa, ni mzigo juu ya mzigo. Na ndivyo ilivyo panado ikirudiwa rudiwa kupita kiasi, ijapokuwa imenunuliwa dukani na ina maandishi. Akilemewa na usingizi usio wa kawaida, akapayuka, akatapika bila ya kukoma au akatokwa na damu, hapo si pa kungoja kupambazuke: apelekwe Bondo, na wa Bondo wakiona haja wampeleke Kisumu, kwenye hospitali kuu yenye jina la Jaramogi ambayo wengi wangali wanaiita Russia.

Lakini kwa maoni yangu macho hayo yanayowatia wahka akina mama siyo yanayostahili kuogopwa zaidi. Kirusi cha aina B, ambacho alama yake Baruch Blumberg aliigundua katika damu mwaka 1965 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, hufanya kinyume. Mtu mzima anapoambukizwa, pengine hupata manjano, hulala kitandani, kisha mara nyingi kirusi hushindwa, na wasiozidi 5 katika 100 ndio wanaobaki nacho. Hiyo ni kwa kuwa manjano ile ni athari ya mwili unaopigana. Mtoto mchanga akikipata kwa mamaye wakati wa kuzaliwa hapigani. Macho yake ni meupe, hunenepa, huenda shule, na karibu 90 katika 100 wa namna hiyo hubaki nacho maisha yao yote, hata siku moja katika umri wa kulea wana wao wenyewe, tumbo likajaa maji au ini likaota saratani, na watu wakatafuta mchawi. Wengine hukipata kabla ya miaka 5 katika michezo na vidonda, au kwa wembe mmoja unaonyoa vichwa vya nyumba nzima, kwa sababu kirusi hiki huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7.

Dhidi ya hicho Kenya haikulala. Tangu mwaka 2001 chanjo yake imo ndani ya sindano inayokinga maradhi matano, nayo hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Na Taiwan, iliyoanza mwaka 1984 kwa kuwachanja watoto mara wanapozaliwa, iliona saratani ya ini kwa watoto ikipungua kwa kadiri ya nusu. Ila Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009 lataka sindano ya kwanza itolewe kabla ya saa 24 kupita, kwa maana mtoto wa mama mwenye kirusi huambukizwa wakati wa kuzaliwa, na sindano ikingojewa hata wiki ya 6 humkuta amekwisha kuchelewa. Mwanamke wa Mageta aliyeshikwa na uchungu usiku, upepo ukiwa mkali na mashua zimefungwa, ataifikia zahanati lini?

Dawa za ukimwi, ambazo fuo hizi zinazijua kuliko sehemu nyingi za Kenya, zina tenofovia na lamivudini, na hizo mbili hukizuia kirusi cha aina B pia. Hivyo mama mwenye maradhi yote mawili, anayekwenda kliniki na kumeza vidonge vyake bila ya kukosa, humlinda mwanawe na homa ya ini hata kama hajapata kuisikia, ilhali jirani yake mwenye aina B peke yake, ambaye hakupimwa alipokuwa mjamzito, huzaa akiamini kwamba yeye ndiye mzima.