Majani Mabichi katika Nchi Kavu

Maungu, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, baada ya kuiacha Voi nyuma, hauna uwanja wa gofu, na yamkini msomaji atastaajabu kwa nini habari ya mchezo huo ianzie mahali ambapo madereva wa malori hutua kula na kupumzika, na mbuzi huchungwa katika vichaka vya miiba. Sababu yake ni kwamba vitu viwili ambavyo gofu huvitumia bila hesabu, yaani ardhi na maji, ndivyo ambavyo watu wa upande huu wamezoea kuvihesabu kila siku: ardhi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka wa 1948, na sehemu nyingine kubwa imo mikononi mwa ranchi na mashamba ya mkonge, na maji, kwa kuwa bomba la chemchemi za Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, huikata nchi hii kavu likiyapeleka maji Mombasa, na manung'uniko ya wenyeji kwamba maji yao huwapita mlangoni yakaenda kunywewa pwani hayajakoma hata leo.

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18, nao aghalabu hutwaa ekari 120 hadi 200, ilhali uwanja wa kandanda, ambao watu 22 huuchezea kwa pamoja na maelfu wakautazama, haufiki ekari 2. Lakini ukubwa wake ni jambo dogo ukiutazama kwa upande wa kiu. Majani yaliyokatwa yakawa mafupi, katika jua kama la Voi, hupoteza unyevu wa kiasi cha milimita 5 kwa siku, na milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Basi mwenye kutaka kunywesha hekta 30 tu za uwanja huo, akaiacha sehemu iliyobaki ijitafutie riziki, atahitaji kwa siku moja ya kiangazi lita 1,500,000, yaani mitungi 75,000 ya lita 20, ile ile ambayo akina mama wa Maungu huipanga foleni na kuijaza mmoja mmoja. Mvua haitamfaa sana, kwa maana Voi hupata milimita 500 na kitu kwa mwaka, tena kwa misimu miwili, masika na vuli, isiyotimiza ahadi zake, na majani hayo kwa hesabu hiyo yangetaka zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho.

Fauka ya maji, kuna mbolea na dawa. Majani ya namna moja, yaliyonyolewa hata yakakaribia udongo, ni kiumbe dhaifu asiyeweza kujitetea, kwa hiyo hulishwa naitrojeni na kupigwa dawa ya ukungu, ya wadudu na ya magugu. Na mahali ambapo chini pana jiwe la matumbawe, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani kati ya Diani na Malindi, kile kisichonywewa na mizizi hupenya upesi kikaingia visimani na baharini. Huku bara lingezuka jambo jingine: tembo wa Tsavo, ambao wakati wa ukame huyafuata maji na majani popote yalipo, wasingengoja kukaribishwa kwenye hekta 30 za chakula kibichi, na mwenye uwanja asingekuwa na hila ila kuuzungushia ua wa umeme, na kwa ua huo akaziba baadhi ya njia ambazo wanyama hao hupita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kuutia mchezo wenyewe hatiani kwa makosa ya mapambo yake. Gofu ilikulia Scotland, katika vilima vya mchanga vya ufuoni visivyofaa kilimo, ambako waliokata majani walikuwa kondoo na sungura, na mnyweshaji alikuwa mvua. Na raghba ya watu ilikuwa kubwa hata mwaka wa 1457 bunge la mfalme James wa Pili likaupiga marufuku mchezo huo pamoja na kandanda, kwa kuwa vijana waliacha mazoezi ya upinde. Tamaa ya kuona majani mabichi mwaka mzima, bila doa wala gugu, ni ya karne iliyopita, nayo ilistawishwa na mashine za kunyunyizia maji, picha za televisheni, na wauzaji wa nyumba waliogundua kwamba dirisha linaloelekea uwanja huo hupandisha bei. Katika nchi za Ghuba watu walicheza miaka mingi juu ya mchanga wa jangwa, kila mmoja akichukua kipande cha zulia la kuwekea mpira wake kabla ya kuupiga, na pale penye shimo pakiwa na duara ya mchanga uliochanganywa na mafuta ukashindiliwa; mpaka mwaka wa 1988, ulipofunguliwa huko Dubai uwanja wa Majlis wa Emirates Golf Club, wa kwanza wa majani katika eneo lile, na tangu hapo kila mji wa jirani ukaona haya kuwa na mchanga. Kwetu Afrika Mashariki pia viwanja vingi vya walowezi vilianza na duara za mchanga za namna hiyo, na wenye navyo hawakujiona kuwa si wachezaji.

Walijiona sana, kwa kweli, na hapo ndipo suala la nani aingie na nani abaki nje linapokutana na suala la maji. Klabu ambayo leo huitwa Royal Nairobi iliundwa mwaka wa 1906, ile ya Mombasa mwaka wa 1911 juu ya miamba ya bahari, na katika enzi hizo Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi: kufyeka, kupika, na kubeba mfuko wa fimbo za bwana. Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika kanuni, lakini ada ya kujiunga, ada ya mwaka, wadhamini wawili wa kukupendekeza, mavazi maalumu na bei ya fimbo vilibaki, navyo vikafanya kazi ile ile kwa adabu zaidi. Uwanja wa Royal Nairobi umepakana na Kibera, ua kwa ua. Upande mmoja maji hurushwa hewani, na upande wa pili hununuliwa kwa mtungi. Na ajabu ni kwamba ufundi wa mchezo umekaa zaidi kwa wabebaji wa mifuko kuliko kwa wanachama. Wengi katika wachezaji wa kulipwa wa Kenya walianza wakiwa makedi, wakijifunza kwa kutazama, na kwa kupewa siku moja ya juma, aghalabu Jumatatu, ya kuchezea uwanja ambao siku nyingine hupita humo na mzigo wa mtu begani.

Kwa maoni yangu mambo haya mawili hayatenganiki. Kinachoyanywesha majani ndicho kinachopandisha ada: mabomba, pampu, umeme, mashine za kukatia, dawa, na walinzi wa kuhakikisha kwamba mbuzi na watoto hawakanyagi kilichogharimu kiasi hicho. Punguza ubichi, na gharama itashuka; gharama ikishuka, kisingizio kimoja kikubwa cha kufunga lango kitaanguka, ingawa nakiri kwamba wako ambao wangelifunga hata kama uwanja ungekuwa wa kokoto, maadamu utamu wanaoutafuta ni ule wa kuwa ndani ilhali wengine wako nje.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, shahidi ni St Andrews, mji ambao wacheza gofu wa dunia huutaja kwa taadhima. Hati ya askofu mkuu Hamilton ya mwaka wa 1552 iliwahifadhia raia wa mji haki ya kucheza katika ardhi ile ya ufuo. Tangu 1974 viwanja vyake vinaendeshwa na wakfu kwa niaba ya umma. Wenyeji hulipa kadi ya mwaka isiyowaumiza. Na siku ya Jumapili ule uwanja mkongwe kuliko vyote hufungwa kwa wachezaji, watu wakatembea humo na watoto na mbwa wao. Sisemi kwamba watu wa huko ni malaika, kwa kuwa klabu maarufu ya mji huo haikukubali wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka wa 2014; lakini klabu ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine, na ardhi ile leo si mali ya klabu.

Insafu yadai pia tukumbuke kwamba katika miji yetu viwanja vya gofu vimehifadhi miti na ndege mahali ambapo pangekwisha kuwa saruji tupu, na kwamba si kila mahali mchezo hugombana na mazingira: huko Jinja, Uganda, kanuni ya uwanja humruhusu mchezaji kuuokota bila adhabu mpira wake ulioangukia alama ya unyayo wa kiboko, jambo ambalo naliona kuwa ni ujirani mwema kuliko ua wa umeme. Lakini Nairobi na Jinja zina mvua. Katika ukanda wa Kasigau, kusini mwa Maungu, ardhi imekwisha kupata njia nyingine ya kuleta fedha bila kumwagiliwa hata tone: kuanzia mwaka wa 2011 msitu wa vichaka wa ranchi za Rukinga na jirani zake, unaounganisha Tsavo mbili, umekuwa ukiuza hewa ya ukaa iliyozuiliwa kwa kutokatwa miti. Mgawanyo wa fedha hizo una maneno yake, na si ya kutajwa kwa haraka. Lakini mwenye kuja na ramani ya mashimo 18 na nyumba za kuuza, kama yalivyojengwa Vipingo katika Kilifi, atalazimika kueleza kwa nini mpango wake ni bora kuliko kichaka kilivyo.

Naye atalazimika kueleza hadharani. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 yataka mradi mkubwa wa namna hiyo ufanyiwe tathmini ya athari na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni, na katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imeyafanya maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Basi siku hiyo ikifika, wazee na vijana wa Maungu wasimwulize mgeni habari za ajira peke yake, kwa sababu jibu la ajira huwa tayari siku zote. Wamwulize maji yatatoka bomba gani, na siku Mzima ikipungua nani atafungiwa kwanza. Kama atakubali duara za mchanga uliosawazishwa mahali pa majani, bila mafuta machafu ya injini yaliyomwagwa zamani. Tembo watapita wapi. Hati ya ardhi itaandikwa kwa jina la nani. Kijana wa shule ya hapa atalipa shilingi ngapi kucheza. Na Jumapili lango litakuwa wazi au la.