Sauti ya Nani? Hazani kama Wakili wa Jamaa katika Sala ya Kiyahudi

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana na hazani bila ya kumjua. Katika sura ya 4 ya Injili ya Luka, Yesu anapomaliza kusoma chuo cha nabii Isaya katika sinagogi la Nazareti, anakifunga na kumrudishia mtu anayetajwa kwa neno moja tu: mtumishi. Wataalamu wengi wa historia ya Uyahudi wanaona kuwa mtumishi huyo ndiye aliyeitwa kwa Kiebrania hazani. Leo jina hilohilo ni la mtu wa namna nyingine: kiongozi wa sala mwenye sauti iliyofunzwa, ambaye katika miji kama Vienna na New York aliweza kuwavuta hata wasiokuwa na desturi ya kusali. Makala haya yanakusudia kueleza cheo hicho na kazi yake katika maisha ya jamaa ya Kiyahudi, na kuonyesha kuwa sehemu kubwa ya ugumu wa kukieleza kwa Kiswahili inatokana na uteuzi wa neno.

Suala hili lilinijia nilipokuwa nikipitia tafsiri ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili. Kila palipotajwa hazani, yeye aliandika "mwimbaji". Nililikata neno hilo kwa wino mwekundu, kisha nikakaa kitako nisijue niandike nini badala yake. Imamu? Mwadhini? Kiongozi wa kwaya? Kila moja lina ukweli kidogo na upotofu mwingi. Mwimbaji huimba chake. Hazani, kwa asili ya kazi yake, hasemi chake. Tutakayojaribu kuyathibitisha hapa ni kwamba hazani ni wakili, na kwamba migogoro mingi iliyokizunguka cheo chake ilihusu mipaka ya uwakili huo.

2.0 Mtumishi wa sinagogi

Katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka 200, hazani bado ni mtumishi. Ndiye anayekitoa chuo cha Torati na kumkabidhi mkuu wa sinagogi. Ndiye pia anayewaangalia watoto wanaposoma usiku wa kuamkia Sabato. Wapo wanaolihusisha jina lake na neno la Kiakadi lililomaanisha msimamizi wa mji. Haya si makubwa. Kilicho kikubwa kwetu ni simulizi iliyomo katika Talmudi kuhusu sinagogi la Aleksandria ya Misri. Jengo hilo, tunaambiwa, lilikuwa pana hata sauti ya msomaji isiwafikie waliokaa mbali. Basi hazani alisimama juu ya jukwaa la mbao katikati, na kitambaa mkononi. Dua ilipofika mwisho alikipunga kitambaa, na umati wote ukaitikia Amina.

Huenda simulizi hiyo imetiwa chumvi. Lakini inatupatia picha ya kazi nzima. Hazani hapo haimbi wala hasali kwa niaba ya yeyote. Anahakikisha tu kuwa kauli ya mmoja imeungana na itikio la wengi. Wajibu huo haukumtoka hata alipokuja kuwa yeye mwenye sauti.

3.0 Uwakili wa maneno

Aliyesali kwa sauti zama zile alikuwa na jina jingine, nalo ndilo linalobeba sheria: shaliahi tsiburi, yaani aliyetumwa na jamaa. Neno "jamaa" nalitumia kwa maana iliyomo katika usemi wetu wa "sala ya jamaa". Karne zilivyopita, majina hayo mawili yakamwangukia mtu mmoja.

Ili kuielewa kazi ya aliyetumwa, hatuna budi kuiangalia Amida, sala inayosaliwa kwa kusimama, ambayo katika siku za kawaida ina dua 19. Kila mtu huisali kwanza kimyakimya. Kisha, panapokuwa na watu wazima 10, idadi ambayo bila hiyo sala ya jamaa haitimii, kiongozi huirudia yote kwa sauti. Kwa nini irudiwe? Jibu la kale ni kwamba wapo wasioijua. Kabla ya vitabu vya sala kuenea, asiyejua maneno alisikiliza, akaitikia Amina mwishoni mwa kila dua, na ikahesabiwa kuwa naye amesali. Mishna inahifadhi ubishi juu ya jambo hili: wapo waliosema kuwa kila mtu anabaki na wajibu wake, na Rabani Gamalieli akasema kuwa aliyetumwa huwatolea wengi wajibu wao. Yafaa ieleweke hapa kuwa rabi si lazima awepo. Rabi ni mwanasheria na mwalimu. Sala ya jamaa yaweza kusaliwa pasipo yeye.

Je, aliyetumwa akikosea? Mishna inajibu kuwa kosa la mtu anayejisalia ni dalili mbaya kwake, bali kosa la aliyetumwa ni dalili mbaya kwa waliomtuma, kwa kuwa wakala wa mtu ni kama mtu mwenyewe. Hapo hapo huingizwa mwingine, naye haruhusiwi kujivuta kwa adabu kama ilivyo desturi; anaanzia mwanzo wa dua ile iliyoharibika.

Sasa linganisha na methali yetu: mjumbe hauawi. Methali hiyo inamtenga mjumbe na ujumbe. Yeye ni mdomo tu, na lawama ni ya aliyemtuma. Juu juu yaelekea kulingana na Mishna, lakini mkazo wake ni mwingine. Sisi twamsalimisha mjumbe kwa kumweka mbali na maneno aliyoyabeba. Mishna inamfunga pamoja na waliomtuma hata wasiweze kumkana. Ndiyo maana "mjumbe" halitoshi. Lililo karibu zaidi ni "wakili" kwa maana yake ya zamani, ile isikikayo katika nikahi, pale shekhe anapomwozesha binti kwa uwakili wa baba. Tamko hulitoa shekhe, na anayefungika ni mwingine.

Uwakili huo huonekana wazi kuliko popote katika jioni ya kuingia Siku ya Upatanisho, hazani anapoisoma Kol Nidre. Wageni wengi hudhani kuwa hiyo ni dua. Sivyo. Ni tamko la kisheria, sehemu kubwa yake kwa Kiaramu, la kutangua nadhiri ambazo watu walijiwekea mbele ya Mungu. Nadhiri na ahadi baina ya mtu na mtu hazimo. Husomwa kabla jua halijazama, na watu wawili husimama kandokando ya hazani wakiwa wameshika vyuo vya Torati, hata watatu hao wanakuwa mfano wa baraza la hukumu. Huisoma mara tatu, sauti ikipanda kila mara. J. L. Austin alipofundisha kuwa zipo kauli ambazo kuzisema ni kutenda, mfano huu ungemfaa sana. Nayo mahadhi yake, ambayo Max Bruch aliyatumia katika utunzi wake wa sello na okestra, yamewaliza watu wasiojua hata neno moja la Kiaramu. Tamko kavu la sheria limevikwa sauti ya kuombolezea. Na anayelivika ni wakili.

4.0 Nani atumwe?

Kwa kuwa maneno ya wakili ni maneno ya jamaa, uteuzi wake haukuachwa ovyo. Kwa saumu ya kuomba mvua, Mishna inataka atafutwe mzee mzoefu wa kusali, mwenye watoto na ambaye nyumba yake ni tupu, ili moyo wake uwe mzima katika sala. Yaani anayeomba mvua awe mtu ambaye mvua isipokunya watoto wake hawatakula. Sauti nzuri haikutajwa hapo. Imo katika orodha ya Talmudi, lakini pamoja na unyenyekevu na kukubalika kwa watu.

Matamshi nayo yalipimwa. Talmudi inakataza kuwatanguliza watu wa Beth-shani, wa Haifa na wa Tivoni, kwa sababu walibadilishana alefu na ayini. Aliyepitia chuoni na kuchapwa kwa kuichanganya alifu na aini hahitaji maelezo zaidi. Kwa mwanaisimu huu ni ushahidi adhimu wa tofauti za lahaja katika Galilaya ya zamani, nasi tunaupata kwa sababu tu ya hofu ya kuharibiwa maneno ya wengi.

Yosefu Karo, katika Shulhani Aruki iliyochapishwa Venice mwaka 1565, anakwenda mbali zaidi: hata mtu mmoja aweza kupinga uteuzi wa hazani, ila kama alikwisha kumridhia. Wafafanuzi wa baadaye waliibana kanuni hiyo, na nadhani walikuwa na sababu, kwani mtu mmoja mwenye chuki angeweza kulifunga sinagogi zima. Hata hivyo mantiki yake ni ya uwakili: wakili hawekwi pasipo ridhaa.

5.0 Sauti inapompita mwenyewe

Sala ya Kiyahudi haisomwi kwa sauti bapa. Kila wakati una mahadhi yake, yaitwayo nusahi: ya siku za kazi, ya Sabato, ya sikukuu, ya siku za toba. Mjuzi akiingia sinagogini akiwa amefumba macho atatambua ni siku gani kabla ya kusikia neno lolote. Wayahudi wa asili ya Aleppo huchagua kwa kila Sabato makamu inayolingana na sehemu ya Torati inayosomwa. Nazo ni makamu zilezile za muziki wa Kiarabu ambazo wapenzi wa taarabu ya Unguja wanazijua kwa majina.

Ndani ya mahadhi hayo hazani ana uhuru wa kupamba, na hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Karo aliliona mapema. Anayerefusha sala kwa furaha ya kumsifu Mungu kwa sauti njema, anasema, na abarikiwe. Anayetaka watu waisikie sauti yake, ni aibu. Na vyovyote iwavyo asirefushe mno, kwa kuwa anawachosha watu. Karne ya 19 ilimpa hazani heshima ya msanii. Salomon Sulzer (1804–1890), aliyeanza kazi Vienna mwaka 1826, alisifika hata Schubert akamtungia Zaburi ya 92 kwa maneno ya Kiebrania mwaka 1828. Kisha ikaja santuri. Yossele Rosenblatt (1882–1933), aliyefika New York mwaka 1912, aliusikika ulimwengu mzima kwa santuri zake. Mwaka 1918 alikataa kuimba katika opera ya Chicago kwa kuona kuwa haiwi sawa na cheo chake. Lakini mwaka 1927 alionekana katika filamu ya The Jazz Singer, akiimba jukwaani na si akiongoza sala. Kwangu mimi tofauti hiyo ndogo ni fasaha: alijua ni wapi anaimba kwa niaba ya wengine na ni wapi anajiimbia.

Marabi wengi walikemea hasa tabia ya kurudiarudia maneno ili wimbo upate nafasi. Wimbo unapodai neno lirudiwe mara tatu, wakili amekwisha kuongeza katika kauli asiyoagizwa.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 shutuma ilitoka upande mwingine. Nyimbo nyepesi za watunzi kama Debbie Friedman (1951–2011) zilienea katika masinagogi ya Marekani, na jamaa ikataka kuimba yenyewe badala ya kuimbiwa. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Abayudaya wa eneo la Mbale, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, huimba zaburi kwa Kiganda na Kiebrania kwa mahadhi waliyoyatunga wenyewe, jamaa nzima ikipokea. Sikiliza rekodi zao zilizotolewa mwaka 2003: mara nyingi ni vigumu kumtenga kiongozi na wafuasi. Mzee wa kitambaa wa Aleksandria asingejiona mgeni hapo.

Suala la wanawake nalo limeamuliwa kwa hoja ya uwakili. Wahafidhina husema kuwa asiyefungwa na wajibu hawezi kuwatolea wengine wajibu wao, na sheria haikumlazimu mwanamke sala ya jamaa. Madhehebu ya Mageuzi yalimtawaza Barbara Ostfeld mwaka 1975, na mwaka 1987 seminari ya madhehebu ya Konsavativu ya New York ikawatunuku wanawake wawili cheo hicho.

Nikirudi kwenye tafsiri ya mwanafunzi wangu: "wakili wa jamaa" lilikuwa pendekezo langu la kwanza, naye akalikataa kwa haki, akisema kuwa msomaji wa leo atamwona mtu wa mahakamani mwenye joho. Tukakubaliana kuliacha neno hazani, kwa tanbihi fupi ya maana yake. Kiebrania humwita mwanamke hazaniti. Mwanafunzi akauliza kama nasi tuunde neno la pili. Ngeli ya kwanza haikuuliza kamwe jinsia ya mtu. Tuliandika "hazani alisimama akasali", tukaendelea na ukurasa uliofuata.