Kuomba Ruhusa Mbele ya Kuchoma Majani

Ndugu mupenzi, shamba ni lako, lakini moto haujui mupaka. Mbele ya kuchoma malundo ya majani, uende kwa mukubwa wa kijiji, umwambie siku na saa, umwonyeshe na mahali. Akisema ungoje mvua, ungoje. Uwaambie majirani vilevile, zaidi yule mwenye nyumba ya majani, na yule mwenye mugonjwa wa pumu. Sheria ya Musa, Kutoka 22:6, inamwamuru mwenye kuwasha moto kulipa mavuno yaliyoteketea.

Ukipata ruhusa, ulime udongo utupu kuzunguka lundo. Lundo liwe dogo. (Majani mabichi ni heri yaoze, yawe mbolea.) Uchome wakati hakuna upepo, maji yakiwa karibu. Usimwange petroli hata kidogo: harufu yake inashika moto kwa ghafula na kuunguza uso. Watoto na mwenye kifafa wakae mbali. Usirudi nyumbani hata majivu yapoe, kwa maana mutoto anayakanyaga akizani moto umezimika.

Mutu akiungua, umumwangie maji safi ya baridi dakika 20. Usimupake mafuta, wala udongo, wala mavi ya ngombe. Ufunike kidonda kwa kitambaa safi, umulete hospitali siku ileile.