Mgonjwa wa kulala asiachwe upande mmoja

Mwaka jana nilimtembelea mzee mmoja wa kijiji chetu, hapa Nakivale, aliyekuwa ametoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga. Alianguka usiku wa mvua akienda chooni. Nilikuta nyumba imefagiwa, uji uko kwenye kigoda, na mkwe wake amefua mashuka yote. Nilipouliza hali, niliambiwa, "Anaendelea vizuri, ila chakula hakipendi." Nikaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, nikaenda nyumba ya pili.

Siku ya nne niliitwa kwa sababu ya harufu. Tulipomgeuza, chini ya kiuno, pale mfupa wa mgongo unapoishia, tulikuta kidonda ambacho ngumi ya mtoto ingeingia. Hakikuanza siku hiyo. Kilikuwepo siku niliyoandika "vizuri", nami sikukiona kwa sababu sikufunua nguo.

Hivi ndivyo vidonda vya kulalia. Havitokani na uchawi wala damu mbaya. Mtu mwenye afya hujigeuza hata akiwa usingizini. Aliyepooza, aliyevunjika, au mzee asiye na nguvu hubaki vilevile alivyolazwa. Mfupa hubana nyama juu ya kitanda, damu haipiti, na nyama hiyo hufa. Saa chache tu zinatosha kuanza. Mara nyingi uharibifu huanzia ndani karibu na mfupa, ndiyo maana unaweza kuona alama ndogo juu ya ngozi kumbe chini ni shimo. Wanaokonda, wanaojikojolea na wenye kisukari wako hatarini zaidi.

Ndugu unayemuuguza mgonjwa, mkague mwili mzima kila siku: kiuno, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo, hata masikio. Mafundisho mengi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipozidi weusi au penye rangi ya zambarau, kisha gusa kwa mgongo wa mkono. Je, pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au palaini mno? Mgonjwa anasema panauma? Basi asilale tena upande huo mpaka papone. Usipasugue, kwa sababu kusugua huumiza nyama iliyokwisha kuchoka.

Mgeuze kila saa mbili. Kwa mfano, saa mbili asubuhi alale chali, saa nne aegemee ubavu wa kulia, saa sita ubavu wa kushoto, na kuendelea hivyo. Asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mlaze mshazari, ukiweka blanketi lililokunjwa nyuma ya mgongo wake. Weka nguo laini katikati ya magoti, na nyingine chini ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Anayeshinda kwenye kiti naye anyanyuliwe kidogo, au aegemee huku na huku, kila robo saa.

Wengine hutengeneza kata, kama ile ya kubebea ndoo, na kuweka kidonda katikati yake. Nia ni njema, lakini kata hubana damu kuzunguka kidonda na kukizidisha. Iacheni. Pia msimburute mgonjwa kwa kumvuta mikono. Watu wawili washike shuka alilolalia, huku na huku, wamnyanyue. Akijichafua, mwosheni mara moja, mkausheni kwa kubonyezabonyeza, mpakeni mafuta ya mgando. Mkunjo wa shuka na chembe za ugali vinatosha kuumiza ngozi nyembamba ya mzee.

Hospitalini usingoje muuguzi aje kumgeuza. Wauguzi ni wachache na wodi imejaa. Mwombe akuonyeshe namna, hasa kama kuna mfupa uliovunjika, halafu fanya mwenyewe.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawasemi. Mkwe wa yule mzee hakuwa mvivu. Alipika, alifua, alilala macho. Lakini kwake ni mwiko kuona uchi wa baba mkwe wake, na mume wake alikuwa amekwenda mbali kutafuta kibarua. Hata mtoto wa kiume huona haya kumvua mama yake. Heshima hii ni yetu na siibezi. Ila lazima familia ikae na kuamua mapema nani ataona ngozi ya mgonjwa: mzee wa rika lake, jirani, mtu wa kanisani au msikitini, au mhudumu wa afya wa jinsia yake. Kwa yule mzee alipatikana rafiki yake wa zamani. Anakuja asubuhi na jioni, wanageuzana huku wakibishana habari za ng'ombe waliowaacha nyumbani.

Kidonda kikitokea, msitie majivu, samadi, wala unga wa vidonge vya rangi mbili. Funikeni kwa kitambaa safi, mwende kituo cha afya. Msikawie kama kuna usaha, harufu, nyama nyeusi, homa, au mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa. Mpeni maji ya kutosha, maharage, karanga, dagaa, na yai likipatikana. Najua mgao haujazi chungu, lakini mwili haujengi nyama mpya kwa uji mtupu.

Kidonda cha mzee wetu kilifungwa kwa miezi mitano. Kimebaki kovu, nalo tunalikagua. Daftari langu sasa lina safu ya ngozi, na nisipofunua naiacha wazi.

Siku ngumu kuliko zote ni ya mgao, maana anayeuguza hupanga foleni tangu alfajiri na mgonjwa hulala upande mmoja mpaka jioni. Kama huna wa kukushikia zamu, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako siku moja kabla, ili atafute mtu.