Kadogo hana hiari

Neno kadogo limezaliwa ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Mashariki mwa Kongo ngeli ya ka- ingali hai, na tangu vita vya Laurent-Désiré Kabila vya mwaka 1996, mtoto aliyepewa bunduki aliitwa hivyo. Ni jina la kubembeleza, na ndiyo maana linaniuma.

Sheria za vita hazibembelezi. Itifaki za Ziada za mwaka 1977, zilizoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, zilikataza kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 ukalifanya jambo hilo kuwa uhalifu wa kivita, kwa vitenzi vitatu: kumtwaa mtoto kwa lazima, kumwandikisha, kumtumia vitani.

Kitenzi cha pili ndicho kizito. Mara nyingi husemwa, “Alikuja mwenyewe.” Huenda kweli alikuja. Kijiji kimeungua, wazazi hawaonekani, na kambini kuna chakula. Lakini katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la Ituri, mashariki mwa Kongo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilisema wazi kwamba ridhaa ya mtoto wa umri huo haimwokoi aliyempokea. Wala si lazima mtoto awe amefyatua risasi. Akiwa mlinzi wa kamanda, au akitumwa kazi inayomfanya alengwe na adui, ametumiwa vitani.

Kati ya ushahidi ilikuwamo video ya Februari 2003 kutoka kambi ya Rwampara. Lubanga, amevaa magwanda, anawahutubia makuruta na kuwatia moyo. Majaji waliwatazama wale makuruta, wakaona baadhi yao ni dhahiri hawajatimiza miaka 15. Kwa hao, macho yalitosha. Tarehe 14 Machi 2012 alitiwa hatiani, hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, kisha akafungwa miaka 14.

Wasichana wa makambini walisubiri zaidi, kwa sababu ubakaji haukuwamo katika mashtaka ya Lubanga. Ulikuwamo katika yale ya Bosco Ntaganda, kamanda wa kundi lilelile. Mawakili wake walidai kwamba sheria za vita humlinda mtu dhidi ya adui, si dhidi ya wenzake. Mwaka 2017 majaji wa rufaa walikataa: msichana aliyebakwa na wapiganaji wa upande wake naye analindwa. Mwaka 2019 Ntaganda alihukumiwa miaka 30.