Jina Katika Rejesta ya Tovuti

Mwezi Aprili 2004, katika mahakama ya shirikisho mjini Boise, jimbo la Idaho nchini Marekani, ilianza kesi ya mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka Saudi Arabia aliyetuhumiwa kuwasaidia magaidi. Sami Omar Al-Hussayen hakudaiwa kununua silaha wala kutega bomu. Alikuwa akisomea usalama wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Idaho, na waendesha mashtaka walidai kwamba alitumia ujuzi huo kusajili na kuendesha tovuti zilizowachochea watu kwenda vitani na kuchangia fedha. Baadhi ya tovuti hizo zilibeba fatwa zilizotetea mashambulizi ya kujitoa mhanga. Swali lililobaki ni hili: mtu ambaye jina lake limo kwenye rejesta ya tovuti anawajibika kiasi gani kwa yaliyoandikwa humo?

Jina la tovuti hukodiwa kwa mwaka mmoja au zaidi. Anayetaka linaloishia na .com huenda kwa kampuni ya usajili iliyoidhinishwa na ICANN, shirika lililoundwa Marekani mwaka 1998. Kwa .ke msimamizi ni KeNIC ya Kenya. Mteja hujaza jina, anwani, simu na barua pepe, kisha hulipa. Kwa miaka mingi mtu yeyote aliweza kuzisoma taarifa hizo bure kupitia huduma ya Whois, ambayo kanuni zake ziliandikwa mwaka 1982, zama ambazo mtandao ulikuwa wa watafiti wachache waliofahamiana. Lengo lilikuwa fundi ajue amtafute nani pale mitambo inapogoma. Waliobuni huduma hiyo hawakuwa na mahakama akilini.

Hata hivyo wapelelezi waliona faida yake mapema. Tarehe ya usajili huonyesha mradi ulianza lini. Barua pepe moja iliyotumika kusajili majina kumi huziunganisha tovuti kumi ambazo kwa macho hazina uhusiano. Nyuma ya pazia, kampuni ya usajili huwa na kumbukumbu nzito zaidi: kadi iliyolipia, na anwani ya intaneti ambayo mteja aliingilia. Hizi za nyuma hazikuwahi kuwa wazi kwa umma, na kwa kawaida polisi huzipata kwa amri ya mahakama.

Shida ni kwamba fomu hupokea chochote kinachoandikwa. Kisa cha Younis Tsouli kinaonyesha hatari hiyo kuliko kingine chochote. Kijana huyu mzaliwa wa Morocco aliishi magharibi mwa London na kujiita Irhabi 007 mtandaoni, akisambaza video na maandiko ya al-Qaida ya Iraq. Yeye na wenzake wawili, Waseem Mughal na Tariq al-Daour, walitumia akaunti 72 za kadi za benki zilizoibwa kusajili majina zaidi ya 180 ya tovuti kupitia kampuni 95 za Marekani na Ulaya. Tuseme askari angeifuata rejesta ya moja ya tovuti hizo bila kuuliza zaidi. Angeweza kufika mlangoni kwa mtu asiyejua lolote, ambaye kosa lake pekee lilikuwa kuibiwa namba ya kadi.

Kilichowafikisha polisi kwa Tsouli, Oktoba 2005, ni uchunguzi uliofuatia kukamatwa kwa vijana waliokuwa na vilipuzi mjini Sarajevo. Baada ya hapo ndipo kumbukumbu za usajili zilipopata uzito, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuzilinganisha nacho: katika kompyuta ya al-Daour zilikutwa namba 37,000 za kadi zilizoibwa. Jina la uongo kwenye fomu liligeuka kuwa uzi wa kumfikia mwongo, lakini ni baada ya mwongo mwenyewe kukamatwa. Mwaka 2007 wote watatu walikiri makosa. Tsouli alihukumiwa miaka 10, na mwisho wa mwaka huo mahakama ya rufaa ikaifanya 16.

Kule Boise ilikuwa kinyume. Jina lilikuwa la kweli na mwenye jina alikuwa ameketi mahakamani. Utetezi wake ulikuwa kwamba alijitolea kufanya kazi za kiufundi kwa taasisi ya Kiislamu, na kwamba maneno yaliyozua mashtaka yaliandikwa na watu wengine. Sheria iliyotumika, ile ya Patriot ya mwaka 2001, ilikuwa imeongeza ushauri na msaada wa kitaalamu katika orodha ya misaada iliyokatazwa kwa magaidi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kifungu hicho kupimwa namna hii. Tarehe 10 Juni 2004, raia 12 wa baraza la mahakama walimwondolea mashtaka yote ya ugaidi. Katika baadhi ya mashtaka ya viza na kutoa taarifa za uongo hawakuafikiana, na mwezi uliofuata alirudishwa kwao. Kufikia hapo alikuwa amekaa rumande tangu Februari 2003, na muda huo hakuna hukumu iliyoweza kumrudishia. Rejesta ilisema kweli kuhusu kazi aliyoifanya. Kuhusu nia yake haikuweza kusema kitu.

Mahali jina liliposajiliwa napo pana nguvu yake. Juni 2021 serikali ya Marekani ilitwaa majina 33 ya tovuti za umoja wa redio na televisheni wa Kiislamu wa Iran, likiwemo la Press TV, pamoja na matatu ya kundi la Kata'ib Hizballah la Iraq. Watangazaji walikuwa mbali, ila majina yao yalishikwa na kampuni ya Marekani. Press TV iliendelea kupatikana kwa anwani ya .ir, ambayo mkono wa Washington hauifikii.

Tangu tarehe 25 Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, kampuni nyingi zimeyaficha majina ya wateja. Wapelelezi wamelalamika, na wana haki ya kulalamika, kwa kuwa kuunganisha tovuti kwa barua pepe kulikuwa kazi ya dakika chache. Lakini rejesta ileile iliyo wazi iliwaanika pia waandishi wa habari na wapinzani wa serikali kwa watu waliotaka kuwadhuru, na hao hawakuwa na polisi wa kukimbilia. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la usalama wa mtandao, NIS2, linalozitaka kampuni za usajili kuhakiki taarifa za wateja na kujibu maombi halali ya kuziona ndani ya saa 72. Sharti la kuhakiki ndilo lenye uzito zaidi, maana Tsouli na wenzake walijaza fomu zaidi ya 180 kwa kadi zisizo zao.