Lenzi za Dukani Katika Hadubini ya Malaria

Mtoto wa Sindeni aliyemaliza dawa ya malaria wiki mbili zilizopita anaporudishwa kituoni akiwa na homa, kipimo cha haraka kinaweza kumpotosha mhudumu. Protini inayotafutwa na vingi vya vipimo hivyo husalia katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hadubini huonesha vimelea vyenyewe, na huwezesha kuvihesabu. Ikiharibika na fundi akawa mbali, mgonjwa hushika njia ya Handeni au Korogwe na homa yake.

Hadubini iitwayo OpenFlexure imeendelezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza, Taasisi ya Afya Ifakara na Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam. Kiunzi chake ni cha plastiki, huchapwa kwa mashine, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Lenzi, hata hivyo, hazichapwi wala hazisagwi upya, kwani kusaga lenzi ya pekee ni ghali mno. Mbunifu huanza na zile zilizopo sokoni, kisha hupanga umbali kati yake hadi picha itulie.

Lenzi ya kwanza ni ile ile ya mafuta, ya kukuza mara 100, ijulikanayo katika kila maabara; hesi zake ni za kipimo cha kawaida. Ya pili, yenye urefu wa fokasi wa milimita 50, huipunguza picha ienee katika kamera ndogo. Hapa ubahili huponza. Lenzi ya kioo kimoja hupinda mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na rangi ya Giemsa hutofautisha kiini chekundu cha kimelea na mwili wake wa buluu. Rangi hizo zikikutana mahali tofauti, kimelea huonekana kama uchafu. Kwa hiyo huchaguliwa lenzi ya vioo viwili vilivyogandishwa, nayo pia huuzwa tayari.

Wengi husifu unafuu wa bei. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kipande kilichovunjika chaweza kuchapwa nchini, na lenzi iliyochubuka ikabadilishwa kwa nyingine ya namba ile ile. Maelezo yake yalipochapishwa mwaka 2020, kilikuwa bado kifaa cha utafiti. Nayo damu iliyopakwa nene kupita kiasi, au rangi iliyochacha, haitengenezwi na lenzi yoyote.